Zeriskepu: bustani ya maji machache

Istilahi ya zeriskepu iliundwa mwaka 1981 na shirika la maji la jiji la Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani. Imetokana na neno la Kigiriki xeros, yaani kavu, likaunganishwa na neno la Kiingereza lenye maana ya mandhari. Katika eneo hilo lenye mvua haba, maji mengi ya bomba yalikuwa yakiishia kwenye ukoka wa nyumbani.

Kwa haraka mtu ataiita "bustani kame". Jina hilo linapotosha, kwani bustani hii ina maua, kivuli, hata mboga. Marekani kwenyewe wako waliosikia neno zeriskepu kama "ziro", wakang'oa kila mmea na kumwaga kokoto uani. Kokoto tupu hunyonya joto mchana kutwa na kulirudisha usiku. Napendekeza tuiite bustani ya maji machache: kinachopunguzwa ni maji, si mimea.

Waasisi waliipa misingi saba: mpango, kurutubisha udongo, kupunguza ukoka, kuchagua mimea, umwagiliaji makini, matandazo na matunzo. Anayeanza katika mji wa jua kali kama Dodoma ashike mitatu.

Kwanza, apange mimea kwa kiu yake. Shubiri mwitu na bogenvilia zikae pamoja juani. Mchicha na mnanaa vikae karibu na bomba. Akichanganya, ama shubiri itaoza mizizi, ama mnanaa utanyauka.

Pili, atandaze nyasi au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, akiacha nafasi kuzunguka shina lisioze. Saa saba mchana afunue matandazo na kuchomeka kidole: chini yake udongo una unyevu na ubaridi, wakati ule ulioachwa wazi pembeni umekauka na kufanya ufa. Magugu nayo hupungua kwa kukosa mwanga.

Tatu, amwagilie asubuhi, maji mengi lakini mara chache, yazame. Kunyunyiza kidogo kila jioni huifanya mizizi ibaki juu juu, inakoungua. Hata mmea unaostahimili ukame humwagiliwa mpaka ushike.

Jina likitaja maji, anayelisikia anajua pa kuanzia: apime kwanza maji aliyo nayo, ndipo anunue miche.