Mtoto wa mbwa aliyezoea kujisaidia jikoni na uani: jinsi ya kuanza upya

Kaya nyingi za Ngara na Biharamulo hufuga mbwa wa kulinda mbuzi, kuku na shamba. Mara nyingi analetwa akiwa mdogo sana, analazwa jikoni karibu na mafiga kwa sababu ya baridi ya usiku, na hakuna anayemfundisha kitu. Baada ya wiki chache amezoea kujisaidia pembeni mwa jiko, barazani, au chini ya mgomba ambako mama hutandika mkeka wa mtoto. Hapo ndipo fimbo huanza.

Tabia hiyo inarekebishika, hata kama ameshachapwa mara nyingi. Na penye mtoto anayetambaa, kuirekebisha ni kumkinga mtoto na maradhi.

Kinyesi chake kina nini

Watoto wengi wa mbwa wana minyoo ya duara tangu siku za mwanzo, kwa sababu huipata kwa mama yao wakiwa tumboni na tena kupitia maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na hayaonekani kwa macho. Mtoto anayekula udongo, au anayetia vidole mdomoni baada ya kuchezea chini, huyameza. Ndani ya mwili wake minyoo haikui kama inavyokua kwa mbwa. Viluwiluwi vyake huzunguka na kuingia kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine jicho. Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine hupata homa, kikohozi na maumivu ya tumbo, na wachache hupungukiwa na uwezo wa kuona kwa jicho moja. Safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mtoto anayekaa au kutembea peku kwenye udongo uliochafuka, na kuacha mistari iliyopinda inayowasha sana.

Hata hivyo, mayai ya minyoo ya duara yanapotoka hayawezi kuambukiza siku hiyohiyo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wiki mbili au zaidi. Safura huhitaji siku kadhaa. Kwa hiyo kinyesi kinachookotwa kila siku huondoka kabla hakijawa hatari, ila kile kilichoachwa kikauke na kusambazwa na ufagio au mvua huacha mayai yanayoweza kuishi ardhini miezi mingi. Ndiyo maana kumzoesha mbwa sehemu moja kunasaidia: unajua pa kuokota.

Kuanza upya

Acha kwanza kumchapa na kumsugua pua kwenye uchafu wake. Mbwa haunganishi kipigo cha sasa na jambo alilofanya nusu saa iliyopita. Anachojifunza ni kujificha, na ataanza kujisaidia nyuma ya magunia au chini ya kitanda. Mbwa anayeogopa pia ni mwepesi wa kung'ata, na anayeng'atwa kwa kawaida ni mtoto.

Ondoa harufu ya zamani, kwa kuwa ndiyo inayomrudisha palepale. Kwenye sakafu ya saruji, osha kwa maji na sabuni mara mbili. Kwenye sakafu ya udongo, parua udongo wa juu, utupe chooni, kisha kandika upya.

Chagua sehemu moja nyuma ya nyumba, mbali na kisima, bustani ya mchicha na mahali pa kuchezea watoto. Mpeleke hapo akiamka asubuhi, kila anapomaliza kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Simama naye kimya hadi amalize, kisha msifu palepale na umpe kipande kidogo cha ugali. Zawadi ikichelewa hadi mrudi jikoni, hataelewa ni ya nini. Ukimkuta akianza kuchuchumaa ndani, mbebe bila kupiga kelele umpeleke nje.

Mpe chakula kwa saa zilezile, si makombo mchana kutwa, na utaweza kukisia saa yake ya kujisaidia. Mbwa wa miezi miwili au mitatu hawezi kubana mkojo usiku kucha, kwa hiyo mtandikie gunia kuukuu barazani badala ya jikoni. Wengi huelewa ndani ya wiki chache, ila siku za mvua hurudia makosa kwa kukwepa kulowa.

Kuokota kinyesi ni kazi ya mtu mzima. Tumia koleo au jembe kuukuu, tupa kwenye shimo la choo, usikitumie kama mbolea ya mboga. Kisha nawa kwa maji na sabuni. Kibuyu chirizi karibu na choo kinatosha.

Dawa na chanjo

Mafunzo peke yake hayaondoi minyoo. Muulize afisa mifugo wa kata dawa ya minyoo ya mbwa. Mbwa mchanga huhitaji dozi kadhaa katika miezi yake ya mwanzo. Usimpe matumbo au maini mabichi siku ya kuchinja, maana humpa tegu, na mayai ya tegu huyo huambukiza mara tu yanapotoka, hayasubiri wiki.

Dawa ya minyoo ambayo watoto hupewa Juni na Desemba pamoja na vitamini A inalenga minyoo ya binadamu. Usiitegemee kutibu viluwiluwi vya minyoo ya mbwa. Mtoto mwenye mistari inayowasha, kikohozi kisichoisha au shida ya jicho apelekwe kituo cha afya, na mwambie mganga kwamba nyumbani kuna mbwa.

Mwombe afisa mifugo pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na ugonjwa huo, hata kama ameng'ata kwa mchezo na jeraha ni mkwaruzo tu. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake mafuta ya taa wala majani, na mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Sindano zake ni zaidi ya moja: rudi kila tarehe uliyoandikiwa, hata kama jeraha limekauka.