Njia 5 za kujua kama posti ya afya ni ya ukweli ama ni feki

Ukiwa Homa Bay, Mbita ama Ndhiwa, hizi posti unazijua: "Dawa ya miti shamba inamaliza ukimwi kwa wiki 2, sambaza kwa magrupu 10." Kabla uamini ama utume doo, cheki hivi.

1. Nani amesema? "Daktari mmoja Ujerumani" si jina. Daktari wa Kenya lazima awe amesajiliwa na KMPDC, na rejista iko mtandaoni. Weka jina uone. Dawa nazo husajiliwa na Pharmacy and Poisons Board.

2. Ni ya lini? Stori za kitambo hurudi na picha mpya. Kemron ilitangazwa hapa Kenya 1990 kama dawa ya ukimwi. Utafiti uliofuata haukuona ikisaidia.

3. Inaahidi nini? Dawa ya ukweli huwa na mipaka. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa Kenya tarehe 13 Septemba 2019, huku Homa Bay. Kwa majaribio, watoto waliopata dozi 4 walikingwa karibu visa 4 kwa kila 10, kwa miaka 4. Ndio maana mtoi aliyechanjwa bado analala ndani ya neti. Msee akisema inazuia malaria yote, anakubeba. Akisema haina kazi, pia anakubeba.

4. Nani anakula? Posti ikiisha na namba ya kutuma pesa, hiyo ni tangazo tu, hata kama imevaa koti ya daktari.

5. Wengine wanasema aje? Tafuta kwa WHO, Wizara ya Afya, Africa Check ama PesaCheck. Posti moja ikikopiwa mara 20 bado ni posti moja.

Noma iko hapa: ARV hazimalizi HIV, zinaikandamiza. Ukiwacha kumeza juu ya posti, virusi vinapanda tena, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Na ARV ni za bure kwa hospitali za serikali, hiyo chupa ya mtandaoni ndio unauziwa.

Kwa hivyo usiwache dawa yoyote juu ya simu. Beba hiyo simu hadi kliniki yako, onyesha nesi ama daktari hiyo posti, umuulize. Ukishajua ukweli, rudi kwa grupu uwachanue wengine.