Diski ngumu na mafuta ya nanometa moja

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ilinizidi. Wikendi iliyopita rafiki aliniletea tarakilishi ya miaka mingi, ndani yake mna picha za harusi ya wazazi wake, nakala pekee. Diski ikakataa kuzunguka. Nikakumbuka mbinu ya mafundi wa zamani: ishike mkononi, washa umeme, kisha igeuze ghafla mara moja kama unayefungua kifuniko cha chupa. Ikaamka! Nilinakili kila kitu kabla ya kuthubutu kuizima.

Kwa nini mbinu hiyo hufanya kazi? Tuanzie mwanzo.

Diski ya kwanza, IBM RAMAC ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, zimepakwa rangi ya oksidi ya chuma. Kutu, jameni. Kichwa cha kusomea kilielea kwa hewa ya pampu, mikrometa 20 hivi juu ya sahani, kwa hivyo msuguano haukuwa shida kubwa. Mwaka 1973 IBM 3340, ile iliyoitwa Winchester, ikabadilisha mambo: vichwa vyepesi vilitua juu ya sahani zenyewe mtambo ukizimwa, na kupaa ukiwashwa. Ndiyo maana sahani zilipakwa mafuta.

Miaka ya 1980 rangi ilianza kuachwa, ikaja filamu nyembamba ya aloi ya kobalti. Hiyo hukwaruzika na kuliwa na unyevu upesi, basi ikafunikwa kwa kaboni ngumu ya jamii ya almasi. Unaweza kudhani kazi iliisha hapo. La hasha. Ganda gumu lililo jembamba hivyo, likisuguliwa makavu kila asubuhi, huchakaa na kumeguka, na vumbi lake ndilo linalomaliza diski. Kilicholiokoa ni kile kilichofanywa juu yake.

Kwanza ni mafuta ya minyororo ya kaboni, oksijeni na florini, unene wa nanometa moja au mbili tu. Ncha za minyororo zina haidroksili zinazong'ang'ania kaboni. Mimi hapa ndipo napapenda: mafuta yakishikamana yote, palipokwanguliwa hapajazibika, yakiwa huru yote, diski inavyozunguka huyarusha pembeni. Kwa hivyo watengenezaji huyatia joto au mwanga wa urujuanimno ili sehemu ishike na sehemu ibaki ikitambaa kuziba mapengo.

Pili ni sura ya ganda. Ili kichwa kielee chini zaidi na data nyingi zienee, sahani ililazimika kuwa laini mno. Lakini weka vioo viwili pamoja na tone la maji katikati, kisha jaribu kuvitenganisha. Kichwa kililala juu ya sahani laini, mafuta na unyevu vikakigandisha, mota ikashindwa. Huo ndio ugonjwa ambao mkono wa fundi ulitibu.

Dawa yenyewe ilipatikana miaka ya 1990. Badala ya kukwaruza sahani nzima, walitumia leza kuchoma vijivimbe vya urefu wa makumi ya nanometa, kwenye ukanda mmoja tu karibu na kitovu, uwanja wa kutua. Kwingine kote pakabaki laini. Baadaye mwishoni mwa miaka hiyo zikaja ngazi ndogo za plastiki ambako vichwa hupumzika nje ya sahani, na kutua kukakoma katika diski nyingi.

Mafuta hayakustaafu. Mwaka 2024 Seagate ilianza kuuza diski zinazoandika kwa kuchoma nukta ya sahani kwa leza, zaidi ya nyuzi 400 za selsiasi, kwa muda wa nanosekunde hivi. Kaboni na mafuta viko papo hapo juu ya nukta hiyo, navyo lazima vivumilie joto hilo kila data inapoandikwa.

Picha za harusi sasa ziko sehemu tatu.