Tanga Isiyo na Katiba Yake: Katiba za Washirika katika Muungano wa Tanzania

Suala la katiba za washirika wa Muungano huandikwa zaidi kutoka Unguja, Dar es Salaam au Dodoma. Likitazamwa kutoka Ngamiani, mtaa mkongwe wa Tanga ambao barabara zake hutajwa kwa nambari, sura yake hubadilika. Ng'ambo ya mkondo iko Pemba, sehemu ya Zanzibar yenye katiba, Rais na Baraza la Wawakilishi. Upande huu uko mkoa usio na katiba ya kieneo, ndani ya Tanganyika ambayo nayo haina katiba tena. Watu wa pande hizo mbili wana lugha, dini na biashara za pamoja tangu zamani. Hoja ya insha hii ni kwamba kilichowatenganisha kikatiba ni hati, na hasa jibu la swali moja: nani ana mamlaka ya kuibadilisha hati inayomlinda?

Hadi mwaka 1890 Tanga ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka huo Ujerumani iliulipia ukanda huo marki milioni 4, ukawa wake moja kwa moja. Kaskazini ya mpaka, Uingereza iliupanga tu ukanda wa Mombasa kwa mkataba wa 1895. Kupanga na kununua ni mambo mawili. Ndiyo maana wapigania Mwambao wa Kenya walikuwa na hoja ya kisheria mbele ya Kamishna Robertson mwaka 1961, ilhali Tanga haikuwa na mkataba wa kuuliza habari zake. Kenya ilipata katiba ya majimbo mwaka 1963, na Ronald Ngala akaliongoza jimbo la Pwani. Lakini mamlaka ya majimbo yaliandikwa ndani ya katiba ya taifa. Ilipobadilishwa mwishoni mwa 1964, Pwani haikuwa na hati yake ya kushikilia.

Mkataba wa Muungano wa 22 Aprili 1964 ulichukua njia nyingine. Katiba ya Tanganyika ilirekebishwa ili itumike kuwa katiba ya muda ya Jamhuri ya Muungano, huku Zanzibar ikiachiwa serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Kwa hiyo Tanganyika ilitoa katiba yake kwa matumizi ya wote na haikurudishiwa. Zanzibar, kwa upande wake, iliongozwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi na haikuwa na katiba kamili hadi 1979. Katiba hiyo ilifuatwa na ile ya 1984, iliyotungwa baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu katika msukosuko wa mjadala wa muundo wa Muungano.

Uzito wa hati ya 1984 ulionekana wazi katika Marekebisho ya Kumi ya mwaka 2010. Zanzibar ilitajwa kuwa mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, na Rais wake akapewa uwezo wa kuigawa katika mikoa na wilaya. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano ya 1977 bado inasema Tanzania ni nchi moja. Miaka kumi kabla, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Maandishi hayo matatu hayapatani kwa urahisi. Hata hivyo Baraza la Wawakilishi liliweza kuandika la kwake bila kuomba idhini Dodoma, jambo ambalo Pwani ya Ngala haikuwahi kuliweza.

Tanga haina nafasi hiyo. Mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972 ulivunja halmashauri za kuchaguliwa, na hakuna katiba ya kieneo iliyosimama njiani. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978 kwa njia ileile zilivyoondoka, yaani kwa uamuzi wa serikali kuu. Tanga ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2005. Hadhi hiyo pia hutolewa, haitungwi na wakazi. Aidha, wabunge kutoka Zanzibar hupiga kura bungeni juu ya sheria zinazohusu Bara peke yake, lakini mbunge wa Tanga hana kiti katika Baraza la Wawakilishi. Mara nyingi Muungano huelezwa kuwa na serikali mbili ili mdogo asimezwe na mkubwa, na maelezo hayo yana ukweli. Hayamwambii mkazi wa Ngamiani katiba yake ya mambo yasiyo ya Muungano iko wapi.

Kundi la wabunge 55, maarufu kama G55, lilidai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, na Mwalimu Nyerere akalipinga vikali. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilirudi kwenye muundo wa serikali tatu, ambao ungeilazimu Tanganyika kujiandikia katiba yake. Hapo ndipo swali la mikoa kama Tanga lingefunguliwa upya: je, katiba hiyo ingeilinda halmashauri isivunjwe kama mwaka 1972? Bunge Maalumu liliuondoa muundo huo katika Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa. Katiba ya mwisho ya Tanganyika inabaki kuwa ile ya mwaka 1962.