Gari la wagonjwa lilale wapi? (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo historia kidogo, ila inawahusu sana wenye mimba na wenye watoto wachanga. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, masaa mawili tu yanatosha kumpoteza. Kwa hiyo swali la gari linatokea wapi si dogo.

Wengi tutasema likae hospitali, si ndiyo? Hata New York miaka ya 1960 walifanya hivyo. Simu ikiingia, gari linatoka hospitali, linamfuata mgonjwa, linarudi njia ileile. Yaani aliye mbali umbali anaulipia mara mbili.

E. S. Savas, wa ofisi za jiji hilo, akachukua eneo la Kings County Hospital kule Brooklyn. Simu zinatoka mitaa gani, magari mangapi, safari inachukua muda gani, vyote vikaingizwa kwenye kompyuta. Wakajaribu humo humo, bila kusogeza gari hata moja barabarani: tukiongeza magari je? Tukiyahamishia kwenye kituo kidogo mtaani je? Matokeo yalichapishwa 1969. Kuyatawanya magari karibu na wanakotoka wagonjwa kunapunguza kusubiri. Kumbe hospitali siyo lazima iwe ndiyo gereji!

Mwaka 1974 Richard Church na Charles ReVelle wakaja na hesabu nyingine: kama vituo unavyoweza kujenga ni vichache, uviweke wapi ili viwafikie watu wengi zaidi ndani ya dakika ulizopanga? Hesabu nzuri, na miji mingi imeifuata. Lakini mimi kama nesi hapo nasita. "Watu wengi zaidi" maana yake kuna wachache wameachwa, na mara nyingi ni wale wa pembezoni kabisa. Halafu kompyuta inahesabu simu zilizopigwa tu. Mama aliyejifungulia kwenye bodaboda kwa sababu hakujua apige namba gani, hayumo kwenye hesabu.

Ndiyo maana napenda mpango wa m-mama hapa kwetu Tanzania, ulioanza kusambazwa nchi nzima 2022. Unapiga 115, bure. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anatafutwa dereva aliyesajiliwa anayeishi jirani na wewe, na nauli analipwa na mpango kwa simu. Gari lake tayari linalala mtaani kwenu.

Namba hiyo i-save leo, na ya baba pia. Sehemu ya 5 nitaeleza unachoulizwa ukipiga.