Hendikapu si Kilema

Mwambie mtu wa Pajulu kwamba jirani yake "ana hendikapu ya 20", na huenda akakuuliza ameumia mguu upi. Hana kosa. Kamusi nyingi zikifika kwenye neno hilo la Kiingereza huandika kilema, ulemavu au kizuizi. Lakini akipanda hadi uwanja wa gofu wa Arua mjini, maana hizo zote hazimsaidii kitu.

Neno lenyewe lina historia ya kuchekesha. Katika Uingereza ya karne ya 17, watu wawili waliotaka kubadilishana vitu walimwita mwamuzi akadirie tofauti ya thamani, nao wakatia mikono kofiani kuonyesha kama wamekubali. Baadaye likahamia kwenye mbio za farasi: farasi mwenye mbio alibebeshwa uzito wa ziada ili wenzake wapate kumfikia. Aliyetwishwa mzigo, basi, alikuwa hodari! Gofu kwa kawaida haimtwishi hodari chochote. Humpunguzia hesabu yule ambaye bado anajifunza.

Tuseme mjomba ana hendikapu ya 8 na mpwa wake 20. Wamezunguka mashimo 18. Mjomba amepiga mapigo 82, mpwa 91. Toa 8 kwa mjomba, inabaki 74. Toa 20 kwa mpwa, inabaki 71. Mpwa kashinda, kwa sababu katika gofu mapigo machache ndiyo ushindi, na mjomba hawezi kulalamika.

Kwa hiyo kwa Kiswahili ningeiita *mapigo ya fidia*, na mazungumzoni *hendikapu* iachwe ilivyo. Atatokea wa kupendekeza "mapigo ya nafuu". Neno zuri, ila nafuu ina kazi nyingine uwanjani: ni ruhusa ya kuuhamisha mpira, mara nyingi bila adhabu, ukiwa mahali pasipochezeka kwa haki. Uwanja wa Jinja ulipata sifa kwa kanuni yake kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauokota na kuudondosha pembeni bila kuongezewa pigo. Hiyo ndiyo nafuu. Tukiliazima neno hilo kwa hendikapu pia, mchezaji wa Jinja atatuelewaje?

Tangu 2020 sehemu kubwa ya dunia hutumia mfumo mmoja wa kukokotoa hendikapu. Huchukuliwa wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, baada ya kurekebishwa kwa ugumu wa uwanja. Anayeanza anahitaji kadi za mashimo 54 tu kupata hendikapu yake ya kwanza, na kikomo ni 54 kwa wanawake na wanaume.

Hesabu hii yote, hata hivyo, imesimama juu ya adabu. Kwa kawaida hakuna refa anayekufuata. Ukijaribu kuupiga mpira kichakani ukaukosa, pigo la hewani linahesabiwa ingawa hakuna aliyeona. Ukiupoteza, una dakika 3 za kuutafuta. Kabla ya 2019 zilikuwa 5. Anayeficha mapigo anajidanganya. Mbaya zaidi ni yule anayecheza ovyo makusudi ili fidia yake ipande, kisha siku ya mashindano akajitokeza bingwa. Huyo ni mwizi, hata kama vikombe vyake vimejaa kabatini.

Adabu nyingine ni nyepesi: nyamaza na utulie mwenzako anapopiga, sawazisha mchanga ulioukanyaga, usikanyage njia ya mpira wake karibu na shimo. Mpira ukielekea kwa watu piga kelele "Foo!", na wewe ukiisikia funika kichwa, usigeuke kutazama.

Na wewe unayetaka kuanza, usikimbilie kununua fimbo zote 14 zinazoruhusiwa. Tafuta kwanza mwenzako wa kukuhesabia, kwa maana kadi isiyothibitishwa na mwenzako kwa kawaida haiingizwi kwenye hendikapu.