Damu Izaliwayo Ndani ya Kondo

Mei 1754, jijini London, daktari Colin Mackenzie alijaza nta ya rangi katika mishipa ya mfuko wa uzazi wa mwanamke aliyefariki akikaribia kujifungua. Alichokiona kilimtatiza, akamwita mwanaanatomia John Hunter. Nta ya upande wa mama ilikuwa imemwagika kwenye nafasi za kondo la nyuma na kukomea hapo. Mishipa ya mtoto haikuguswa. Kumbe damu zao hazichanganyiki.

Mwaka 1780 John alidai sifa ya ugunduzi huo mbele ya jumuiya ya wanasayansi, Royal Society. Kaka yake William, mkunga wa malkia, akajibu kuwa ni wake. Undugu ukaharibika kwa ajili ya kondo! Mackenzie, mwenye nta, hakuambulia kitu.

Lakini kama mtoto hapewi damu na mama, anaitoa wapi?

Jibu lilianza kuonekana Marekani. Karibu mwaka 1920 mwanasayansi Florence Sabin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikesha na darubini, akitazama kiinitete hai cha kuku ndani ya tone la kimiminika. Seli zilijikusanya, katikati pakafunguka uwazi. Za pembeni zikawa ukuta wa mshipa na nyingine zikageuka damu. Moyo ukaanza kupiga mbele ya macho yake.

Mwaka 1935 mtafiti Arthur Hertig alieleza jambo kama hilo katika kondo changa la binadamu: mishipa huzuka humo humo, haisubiri kuchomoza kutoka mwilini mwa mtoto. Kazi hiyo huanza wiki ya tatu tu baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Seli nyekundu za mwanzo zina kiini, tofauti na za mtu mzima, na kufikia mwezi wa tatu zimepungua mno. Ndiyo maana mimba ikiharibika, mtaalamu wa maabara huzitazama ili kukadiria ilikoma kukua lini.

Hata hivyo, kondo liliendelea kuhesabiwa kuwa njia tu ya chakula na hewa. Mwaka 2005 watafiti wa Rotterdam na Los Angeles walikuta seli shina za damu, yaani zile zinazozaa seli nyingine za damu, kwa wingi katika kondo la panya. Mwaka 2009 zikathibitishwa katika la binadamu, tangu wiki ya sita hadi kujifungua.